Mstari Ulio Juu ya Sahihi

Katika katalogi za minada ya nyaraka nchini Ujerumani, barua hutambulishwa kwa vifupisho. E. Br. m. U. ni barua ya mwandiko wa mkono wa mwenyewe, yenye sahihi. Ms. Br. m. U. ni barua iliyopigwa taipu, yenye sahihi ya kalamu chini yake. Baada ya hapo huja jina, mahali, tarehe, idadi ya kurasa, kasoro za karatasi, matundu ya faili kama yapo, na mwishoni bei. Biashara hii ni ya siku nyingi. Duka la J. A. Stargardt la Berlin, maarufu kwa nyaraka za aina hii, lilianza mwaka 1830.

Katika soko hilo kuna kona ndogo ya watu wanaotafuta barua za waliowafundisha watoto wa Kijerumani muziki: Friedrich Fröbel, baba wa chekechea, Fritz Jöde, aliyewakusanya watu waimbe pamoja viwanjani na kumbini, Leo Kestenberg, aliyebadilisha somo la muziki katika shule za Prussia, Carl Orff, ambaye ala zake ndogo za mbao na chuma zimo katika madarasa ya nchi nyingi duniani. Wakusanyaji hawa nawaheshimu. Bila wao karatasi nyingi zingeishia kuwashia moto. Lakini nina ugomvi na kipimo chao. Wanalipia sahihi, na katika historia ya watu hawa sahihi ndiyo sehemu inayosema machache kuliko zote. Mambo yako kwenye mstari ulio juu yake.

Kwanza, kwa nini barua? Mwalimu wa muziki wa watoto huacha alama chache. Mtunzi huacha nota, mwimbaji huacha santuri. Wimbo ulioimbwa na watoto wa miaka saba asubuhi darasani hupotea kengele ikilia. Vitabu vya mbinu vinatueleza mwalimu alitaka nini kitokee, lakini havituelezi kilichotokea. Barua ndiyo inayokaribia. Humo mwalimu analalamika kwamba shule haina ala, anamwomba mchapishaji apunguze bei ya kitabu, anamweleza mwenzake kwamba watoto wamekataa wimbo aliodhani wataupenda. Vitu vidogo vidogo, lakini historia ya elimu imejengwa kwa hivyo.

Kisha kuna suala la kuzisoma. Barua ya Fröbel, aliyefariki mwaka 1852, imeandikwa kwa Kurrent, mwandiko wa zamani wa Kijerumani ambao hata Mjerumani wa leo mwenye shahada hausomi bila kujifunza. Herufi e inafanana na n, na s ndefu inasimama kama mlingoti. Mwaka 1941 serikali ya Hitler iliamuru shule ziache miandiko ya namna hiyo na kufundisha herufi za Kilatini, hivyo watoto wa baada ya hapo wakakua wasiweze kusoma barua za mabibi zao. Mkusanyaji anayetundika barua ya Fröbel ukutani bila kuisoma ametundika picha. Sahihi anaitambua kwa sababu ameionyeshwa. Kwamba mwaka 1851 Prussia ilipiga marufuku chekechea, na kwamba mzee yule alitumia miezi yake ya mwisho akiwa na kidonda hicho, sahihi haimwambii.

Sasa nije kwenye mstari wenyewe. Sisi tuliofundishwa shuleni kuandika barua rasmi tunajua kwamba maneno ya kufungia si pambo. "Wako mtiifu" kuna mahali linakubalika na mahali linakuwa kichekesho. Waliozipitia barua za ofisi za Tanzania ya miaka ya 1970 wanakumbuka "Wako katika ujenzi wa taifa", na wanajua kwamba maneno hayo yaliweza kuwa imani ya kweli, mazoea ya karani, au vyote viwili kwa siku moja. Kila nchi ina maneno yake ya kufungia, na kila zama zina yake.

Ujerumani ya 1933 ilipata mapya. Mwezi Julai mwaka huo Wizara ya Mambo ya Ndani iliwaagiza watumishi wa umma kutumia salamu ya Hitler, na barua za ofisi zikaanza kufungwa kwa "Heil Hitler!" au "kwa salamu ya Kijerumani". Walimu wa shule za serikali walikuwa watumishi wa umma. Kwa hiyo mtu anayekusanya barua za walimu wa muziki wa miaka hiyo, akitaka asitake, anakusanya pia salamu hizo. Ziko sentimita chache juu ya kile alicholipia.

Hapa pana mtego wa kuhukumu haraka. Kukuta salamu ile katika barua ya mwalimu kwenda wizarani kunatueleza machache, maana ilikuwa sharti. Kinachosema ni tofauti. Je, mtu huyohuyo, wiki hiyohiyo, alifungaje barua kwa rafiki yake? Kama salamu imo hata mahali ambapo hakuna aliyemlazimisha, hilo ni jambo. Kama haimo hata mahali ilipotakiwa, hilo ni jambo kubwa zaidi, kwa sababu mtu aliweza kupoteza kazi. Lakini tofauti haionekani katika barua moja. Inahitaji barua kumi, ishirini, kwa watu mbalimbali, zikiwa zimewekwa pamoja. Na mnada, kwa asili yake, huuza moja moja. Rundo lililotoka dari ya nyumba moja huingia sokoni, na hutoka likiwa vipande katika droo za watu wanane wasiojuana.

Leo Kestenberg anatuonyesha mstari mwingine, ule wa juu kabisa wa karatasi. Alizaliwa mwaka 1882 katika Hungaria ya wakati ule, akawa mpiga piano, mwanafunzi wa Busoni, Myahudi na msoshalisti. Kuanzia mwisho wa mwaka 1918 alikuwa mshauri wa muziki katika Wizara ya Elimu ya Prussia. Mwaka 1921 alichapisha kitabu kilicholiona somo la muziki kuwa njia moja, kutoka chekechea hadi chuo kikuu, na katika miaka iliyofuata akaanza kuigeuza kuwa kanuni za serikali: mwalimu wa muziki asomee kazi yake kwa kina kama mwalimu wa hisabati, afanye mtihani kama yeye, aheshimiwe kama yeye. Mwishoni mwa mwaka 1932 aliondolewa. Mwaka 1933 alikimbilia Prague. Mwaka 1938 alihama tena, akapitia Paris hadi Tel Aviv, ambako aliisimamia Orkestra ya Palestina na baadaye akaanzisha chuo cha walimu wa muziki. Alifariki huko mwaka 1962.

Panga barua za mtu kama huyo kwa tarehe na utazame vichwa vyake tu: wizara, Berlin; kisha Prague; kisha Tel Aviv. Sahihi ni ileile. Jina halikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni mahali, na wale walioacha kujibu. Bahati nzuri barua zake zimekusanywa na kuchapishwa pamoja na maandishi yake mengine, hivyo mtu yeyote anaweza kuzifuata kwa mfululizo. Ukurasa mmoja wa Kestenberg katika fremu ni kitu kizuri. Barua zake zikiwa pamoja ni ushahidi wa jinsi nchi inavyoweza kumfukuza aliyejenga somo zima, kisha ikaendelea kulifundisha somo hilo.

Barua inayonisumbua zaidi, hata hivyo, ni ya Carl Orff, na ni barua ambayo mpokeaji wake hakuweza kuipokea.

Kurt Huber alikuwa profesa Munich, mtafiti wa nyimbo za jadi na rafiki wa Orff. Alijiunga na wanafunzi wa kundi la Waridi Jeupe waliosambaza vipeperushi dhidi ya Hitler. Alikamatwa Februari 1943 na kuuawa tarehe 13 Julai mwaka huo. Orff wakati huo alikuwa mtunzi anayejulikana. Carmina Burana ilikuwa imeimbwa tangu 1937, na kabla yake, katika ufunguzi wa Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, yeye na Gunild Keetman walikuwa wametoa muziki wa ngoma ya watoto. Hakuwa mwanachama wa chama cha Hitler. Hakuwa mpinzani pia.

Vita vilipokwisha, Wamarekani walichunguza kila mtu aliyetaka kushika kazi ya sanaa. Orff alichunguzwa mwaka 1946 na kuwekwa kundi la kijivu, C, anakubalika. Mwanahistoria Michael Kater aliandika katika miaka ya 1990 kwamba Orff alimwambia ofisa mmoja wa Kimarekani, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, kuwa alishiriki kuanzisha Waridi Jeupe pamoja na Huber. Wengine walioyapitia mafaili hawakukuta dai hilo, na ubishi haujaisha. Ambacho hakina ubishi ni kwamba mwaka 1947 kilitoka kitabu cha kumbukumbu ya Huber, kikiwa na mchango wa Orff. Wengine wangeandika wasifu au tanzia. Orff aliandika barua kwa marehemu.

Tunaisomaje barua kama hiyo? Ukiisoma kama mkusanyaji, ni hazina: mtunzi maarufu, tukio kubwa, hisia nzito. Ukiisoma kama mhakiki, unaanza kuhesabu wasomaji wake. Barua ya kawaida ina msomaji mmoja. Hii ina wengi, isipokuwa yule aliyetajwa juu. Huber hawezi kujibu "nimekusamehe" wala "ulikuwa wapi?" Anayeandika anajua kwamba watakaosoma ni mjane, marafiki, chuo kikuu, na mji wa Munich unaojitafutia watu safi wa kuanza nao upya. Sisemi kwamba majonzi yale ni ya uongo. Mtu anaweza kulia kwa kweli na bado akajua kwamba anatazamwa. Ninachosema ni kwamba thamani ya barua hii haiko kwenye jina lililo chini yake. Iko kwenye jina la juu, la yule aliyeandikiwa.

Miaka hiyo sahihi ilikuwa bidhaa hata kabla ya minada kuigusa. Aliyetaka kusafishwa mbele ya mahakama za uchunguzi alihitaji barua za mashahidi: kwamba alimsaidia jirani Myahudi, kwamba aliwahi kukataa jambo fulani. Wajerumani waliziita barua hizo Persilschein, vyeti vya Persil, kwa jina la sabuni ya unga. Kiswahili hakihitaji maelezo hapa, maana nasi tunajua mtu "kusafishwa". Mwalimu mwenye jina zuri aliombwa sahihi, mwenye jina baya aliihitaji. Ukiona leo barua ya 1946 ikimsifu mwalimu mwenzake kwa moyo wake wa utu, usitazame wino peke yake. Jiulize nani aliiomba na alikuwa anataka kazi gani.

Kisha kuna wale ambao sahihi zao hazitafutwi sana. Gunild Keetman aliingia kama mwanafunzi mwaka 1926 katika Günther-Schule ya Munich, shule ya ngoma na muziki ambayo Dorothee Günther aliianzisha pamoja na Orff mwaka 1924. Akawa mwalimu hapo, mtunzi, na mkono uliogeuza mawazo ya Orff kuwa vitu ambavyo mtoto anaweza kuvipiga. Mwaka 1948 redio ya Bavaria ilipotaka vipindi vya muziki wa watoto, ni Keetman aliyekuwa studio na watoto. Vitabu vitano vya Musik für Kinder, vilivyotoka kati ya 1950 na 1954, vina majina mawili. Hata hivyo dunia inasema "Orff". Muziki wa marimba unaosikika katika filamu Badlands ya mwaka 1973, ambao vijana wengi wameukuta mtandaoni bila kujua ulikotoka, mara kwa mara hutajwa kwa jina lake peke yake. Soko linafuata dunia. Mkusanyaji anayetaka kuelewa mbinu hii ilivyofanya kazi darasani angepaswa kuanza na karatasi za Keetman, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa na watoto.

Na nyuma ya Keetman yuko mtu asiye na jina. Orff alisimulia kwamba miaka ya 1920 aliletewa marimba ndogo kutoka Kameruni, nchi ambayo Wajerumani waliitawala hadi vita vya kwanza vya dunia. Kutokana na ala hiyo, fundi Karl Maendler, mtengenezaji wa vinubi vya kibodi, alianza kuunda marimba za shule. Leo marimba hizo zinarudi Afrika zikiwa zimefungwa kwenye maboksi, kama vifaa vya kufundishia. Aliyezichonga zile mbao za kwanza hakumwandikia mtu barua. Hakuna mnada utakaomuuza. Lakini yumo katika kila barua ya Orff inayozungumzia ala zake, na msomaji wa kutoka huku ana haki ya kumtaja.

Agnes Hundoegger wa Hannover ni mfano mwingine. Alikwenda Uingereza kujifunza solfa ya John Curwen, akairudisha kwa Wajerumani kwa jina la Tonika-Do. Yeyote aliyekulia kwenye kwaya za kanisa Afrika Mashariki, ambako karatasi za nyimbo huandikwa kwa d, r, m, ataitambua kazi yake bila mkalimani: wamisionari waliuleta mfumo huo huku, yeye akaupeleka kwao. Aliyeendeleza njia hiyo Berlin ni Maria Leo, aliyezaliwa mwaka 1873 na kuanzisha mwaka 1911 seminari ya kuwaandaa walimu wa muziki, katika miaka ambayo wanawake wengi walifundisha piano bila cheti wala haki. Alikuwa na asili ya Kiyahudi. Mwaka 1933 Wanazi walimnyima kufundisha. Mwaka 1942, alipokuwa akikabiliwa na kusafirishwa kwa nguvu, alijitoa uhai.

Weka sahihi ya Maria Leo kando ya ile ya Orff katika orodha ya mnada na utajua mara moja ipi itapandishwa bei. Bei haipimi nani alifanya nini. Inapima nani alibaki kuwa maarufu, na umaarufu wa baada ya 1945 ulitegemea sana ni nani aliyekuwa hai, nani alikuwa na nyumba isiyochomwa, nani hakuhama na sanduku moja. Ukusanyaji unaofuata bei unaurudia mgawanyo huo kimya kimya, kizazi baada ya kizazi.

Mtu anaweza kunijibu: basi barua zote ziende maktaba. Nyingi ziko huko. Munich ina Orff-Zentrum, na nyaraka za vuguvugu la Jöde zimehifadhiwa katika ngome ya Ludwigstein, jimbo la Hessen. Kuna pia Kalliope, orodha ya mtandaoni inayosimamiwa na Maktaba ya Taifa ya Berlin, ambako mtu aliye Dodoma au Kisumu anaweza kutafuta bila malipo nani alimwandikia nani na barua iko wapi. Lakini maktaba nazo huchagua, na huanza na majina makubwa. Mkusanyaji binafsi ana uhuru ambao maktaba haina: anaweza kupenda kitu kisicho na bei.

Ushauri wangu kwake ni wa kawaida. Asitenganishe barua na bahasha yake, kwa sababu mhuri wa posta na anwani ni nusu ya habari. Akipata barua ya mwalimu, amtafute aliyeandikiwa. Apige picha, anakili maneno, awape watafiti, akikumbuka kwamba kwa sheria ya Ujerumani aliyenunua barua amenunua karatasi. Haki ya kuchapisha maneno yenye ubunifu hubaki kwa warithi hadi miaka 70 itimie baada ya kifo cha mwandishi. Fröbel yuko huru. Orff, aliyefariki mwaka 1982, bado.

Na asidharau nakala za kaboni. Walioandika kwa taipu mara nyingi waliweka karatasi ya pili nyuma ya ya kwanza, wakabaki nayo kwenye faili. Nakala hiyo ni nyembamba, herufi zake za buluu zimefifia, na kwa kawaida haina sahihi, kwa sababu hakuna anayejitilia sahihi mwenyewe. Sokoni ni takataka. Lakini ina tarehe, ina jina la aliyeandikiwa, ina maneno yote hadi ile salamu ya mwisho. Chini ya salamu pako wazi, na jicho halina pa kukimbilia ila kurudi juu na kusoma.